Jimu, Aibu na Mawe Matano ya Daudi



Wapendwa vijana, leo tuongee kuhusu aibu ya mlangoni. Unataka kuanza kunyanyua vyuma. Umeshalipia mwezi mzima, raba unazo. Lakini ukifika jimu na kuwaona wale wenye miraba minne, miguu inagoma. Unajisemea: "Watanicheka. Acha kwanza nipunguze tumbo nyumbani, halafu nitakuja."

Naijua aibu hiyo, ilinikaa miezi mitatu. Aliyenisaidia kuivuka ni kijana mwenzetu wa kwenye Biblia, Daudi.

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Kabla hajamfikia Goliathi, Daudi anakutana na kaka yake Eliabu, ambaye anamfokea na kumuuliza wale kondoo wachache kawaachia nani. Daudi hakai kubishana naye. Anamjibu kwa kifupi, anamgeukia mtu mwingine, anaendelea na safari yake.

Sasa rudi nyuma sura moja tu. Eliabu huyu huyu ndiye ambaye nabii Samweli alimwona, akadhani huyu hapa ndiye mfalme, na Mungu akamwambia asitazame sura wala urefu wake, kwa sababu Yeye anaangalia moyo. Umeona? Anayemdharau Daudi ni yule mwenye umbo. Na umbo lake halikumfanya aende kupigana na Goliathi.

Kisha Sauli anamvika Daudi mavazi yake ya vita. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, hajayazoea. Basi anayavua, hapo hapo mbele ya mfalme, anakwenda kijitoni kuokota mawe matano. Hakuona haya kusema: huu uzito si wangu.

Hapo ndipo pa kuanzia, rafiki. Usibebe uzito wa jirani yako. Kile chuma kirefu, hata bila kuongezwa kitu pembeni, mara nyingi kina kilo 20 tayari. Kikikushinda, chukua vyuma vidogo vya mkononi. Mwombe mwalimu akuonyeshe namna ya kusimama na kushika. Nenda na rafiki, maana hata Yesu aliwatuma mitume wawili wawili. Na wale unaowaogopa, wengi wao wako bize kuhesabu mizunguko yao wenyewe.

Ila tusidanganyane. Kuna hatari ya kuacha kuogopa macho ya watu, halafu ukaanza kuabudu kioo. Katekisimu (namba 2288 na 2289) inatufundisha kwamba afya ni zawadi ya Mungu tunayopaswa kuitunza, lakini inatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu wetu. Mtazame Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda sana kupanda milima, na miguu hiyo hiyo ilimpeleka kwa maskini na wagonjwa wa mji wake. Basi nguvu utakazopata jimu, zimbebee bibi ndoo ya maji.

Na mwisho, jiulize: aibu hii inakuzuia jimu peke yake? Au ndiyo hiyo hiyo inayokurudisha nyumbani ukiona foleni ya kitubio, inayokufanya ufiche ishara ya msalaba ukiwa hotelini na washkaji? Ukijifunza kuivuka kwenye mlango mmoja, utakuwa na ujasiri wa kuivuka kwenye mingine.

Wiki hii chagua siku moja, ingia. Na Jumamosi, panga foleni ya kitubio.

Tusali: Ee Mungu, wewe unayeangalia moyo, utuondolee hofu ya macho ya watu. Utupe nguvu za mwili na roho, tuzitumie kwa upendo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.