Umati wa Simu na Mkate wa Jirani

Asubuhi, katika kituo cha mwendokasi cha Kimara, watu husimama mistari mirefu wakingoja basi la kwenda mjini, na karibu kila mmoja ameinamia simu yake. Hapo ndipo hukumu nyingi za siku hizi hukatwa. Mtu amesema neno baya jana jioni, mwingine amelirekodi, na kabla basi halijafika Ubungo maelfu wamekwisha kulisikia, wamekasirika, wamelitafuta jina la mwajiri wake, nao wanaandika: Mfukuzeni. Twapenda leo kuwauliza wasomaji wetu, wazazi kwa vijana, kama jambo hili ni halali mbele ya Mungu.

Hatusemi kwamba neno baya ni jambo dogo. Mwalimu anayewadhihaki hadharani watoto wa maskini, au muuguzi anayewacheka wagonjwa wake, amekosa, na mwajiri wake ana haki ya kumwita na kumwuliza. Viongozi nao hujibu kwa wanayoyasema, na taifa limeyaona hayo. Mwishoni mwa Desemba 2021 Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge, alisema huko Dodoma maneno juu ya mikopo ya nchi. Maneno hayo yakaenea upesi. Tarehe 3 Januari 2022 akaomba radhi, na tarehe 6 akajiuzulu. Julai 2024 Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, alisema huko Bukoba maneno juu ya kura na wanaozihesabu. Alieleza kwamba ulikuwa utani. Tarehe 21 mwezi huo uteuzi wake ukatenguliwa.

Siasa za mambo hayo twawaachia wenyewe. Lakini tazameni jambo moja: wa kwanza alibaki mbunge wa Kongwa, na wa pili akabaki mbunge wa Mtama. Mkubwa akiondoka katika kiti kimoja, mara nyingi kipo kingine cha kukalia. Karani wa duka aliyepanga chumba kimoja Kimara Baruti, mwenye watoto wawili shuleni na mama mzee kijijini anayengoja fedha za dawa, hana kiti cha pili. Anayeandika “mfukuzeni” huwafukuza na hao watatu ambao hawakusema neno lolote.

Desemba 2013 mwanamke mmoja, mfanyakazi wa kampuni ya New York, alipanda ndege London kwenda Cape Town. Kabla ya kuondoka alikuwa ameandika mzaha mbaya juu ya Waafrika na UKIMWI. Mzaha ule ulitutukana sisi, wala hatuutetei. Lakini kwa saa kumi na moja alizokuwa angani, bila kujua lolote, dunia ilimshtaki, ikamshuhudia na kumhukumu. Alipotua, watu walikuwa wamekwisha kumngoja, na kazi yake ikapotea. Kosa lake lilikuwa kweli. Je, kumhukumu mtu asiyeweza hata kusikia mashtaka yake ilikuwa haki?

Swali hili si jipya. Katika Injili ya Yohane, sura ya saba, Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yao yaruhusu kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Hawakumjibu swali lake, walimdhihaki tu. Atakayeuliza vivyo hivyo leo katika kundi la WhatsApp la mtaa wake ajiandae kwa jibu lile lile.

Wengi hujitetea wakisema: lakini ni kweli, tumemsikia kwa masikio yetu. Hapa ndipo Wakristo wengi hupotea. Katika Amri ya Nane Kanisa halikatazi uongo peke yake. Kumsingizia mtu ni dhambi. Kumhukumu kwa pupa ni dhambi. Na kuyafunua makosa ya mtu, ingawa ni ya kweli, mbele ya watu wasioyajua na pasipo sababu ya haki, hiyo nayo ni dhambi, na jina lake la zamani ni usengenyaji. Simu haikuibadili jina. Jirani yako akikosa, Bwana Wetu alitufundisha kumwendea kwanza tukiwa naye peke yetu. Ni wangapi kati yetu waliofanya hivyo kabla ya kubonyeza kidude cha kusambaza? Sisi tunaoandika ukurasa huu twakiri kwamba tumewahi kusambaza kwanza na kufikiri baadaye.

Kwa waajiri tuna neno fupi. Pilato hakuona kosa, lakini aliogopa kelele, akanawa mikono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki, naye mfanyakazi asikilizwe. Aliyeachishwa kinyume cha hayo aweza kulipeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Maparoko na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wangefanya vema kuwaambia watu siku hizo, maana wengi hukaa nyumbani kwa aibu hadi zimekwisha.

Na aliyekwisha kusambaza afanyeje? Kufuta hakutoshi. Mwizi wa mbuzi huungama na kumrudisha mbuzi. Mwizi wa sifa naye amefungwa na wajibu wa kurudisha kadiri awezavyo. Basi na awaandikie watu wale wale, katika kundi lile lile, kwamba hakumsikiliza mtu huyu na hakupaswa kufanya vile. Kisha, kama mtu mwenyewe anakaa karibu, na aende kwake jioni, abishe hodi, amwulize kama amepata kazi.