Fedha Yenye Jina

Soma 2 Wafalme 12:4–16, 2 Mambo ya Nyakati 24:14, Matendo 5:1–4, 1 Wakorintho 16:1–4, 2 Wakorintho 8:16–21.

Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Sabato. Alasiri ya siku hiyo, yapata saa tisa na nusu, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, na katika mji wa Bukoba na vijiji vya jirani nyumba nyingi zikawa kifusi. Nyingine zilibaki zimesimama zikiwa na nyufa ambazo hakuna aliyethubutu kulala chini yake. Siku chache baadaye nchi nzima ilikuwa inachanga. Ilifunguliwa akaunti ya kamati ya maafa, na makampuni, balozi, misikiti, makanisa na watu wa kawaida wakatoa.

Bukoba iko pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Masasi na Newala ziko pembe nyingine kabisa, kusini mashariki, karibu na mto Ruvuma. Chukulia mshiriki wa Newala, mjane mwenye mikorosho michache, anayesikia tangazo la mchango kanisani. Kwake Septemba ni mwezi mgumu. Minada ya korosho haijaanza, maji juu ya uwanda wa Makonde hayapatikani kwa urahisi, na mwenye shida anajaribiwa kuuza korosho zake mapema kwa kangomba, kwa bei ya kuumiza. Mama huyo anatoa shilingi elfu mbili. Ameambiwa ni za watu walioangukiwa na nyumba, na anapozifunga katika bahasha anamwona moyoni mama mwenzake wa Kagera amekaa chini ya turubai na watoto.

Sasa angalia yaliyotokea. Mwezi huohuo wa Septemba baadhi ya viongozi wa mkoa na wilaya waliondolewa kazini kwa madai ya kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti ya maafa. Jambo hilo halina mjadala mrefu. Kama mtu ameelekeza mchango wa wahanga mfukoni mwake, amri ya nane inatosha, na kazi ya kupima ushahidi ni ya mahakama, si ya darasa la Shule ya Sabato.

Swali gumu lilikuja baadaye. Mapema Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda Bukoba, akawaambia wananchi wazi kwamba Serikali haitamjengea nyumba kila aliyebomokewa. Fedha zingekwenda kurudisha shule, huduma za afya na miundombinu ya umma. Hoja hiyo ina uzito, na asiyeuona hajawahi kukaa kwenye kamati yenye fedha chache. Nyumba moja inasaidia kaya moja. Shule ya sekondari kama Ihungo, ambayo majengo yake yaliharibiwa vibaya, husomesha mamia mwaka baada ya mwaka. Zaidi ya hayo, ukiijengea kaya moja ukaiacha ya jirani, umepanda ugomvi kijijini. Hakuna aliyeiba hapo. Fedha zimetumika kwa jambo jema, pengine jema kuliko lile lililotangazwa. Je, mama wa Newala amedhulumiwa? Na yule wa Kagera, ambaye bado yuko chini ya turubai?

Wengi hujibu haraka kwamba ukishatoa umeshatoa. Kutoa ni moyo, husema, na Mungu ameuona moyo. Methali hiyo ni ya kweli, ila inamhusu mtoaji peke yake. Haisemi lolote kuhusu safari ya fedha kutoka bahasha hadi kwa mhitaji, na safari hiyo ndiyo yenye mashaka.

Mkulima wa Masasi analielewa jambo hili kuliko wanatheolojia wengi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, yeye hupeleka korosho zake chama cha msingi, hupimiwa, hupewa karatasi, kisha hungoja mnada. Korosho ziko ghalani, funguo ziko kwa mwingine, lakini mwenye mali anajulikana. Mtunza ghala hawezi kusema, “Nimeona bora korosho zako zijenge zahanati.” Hata kama zahanati inahitajika kweli, na hata kama mkulima mwenyewe angekubali kama angeulizwa. Kosa lingekuwa kutomuuliza.

Mfalme Yoashi alikutana na tatizo lenye sura hiyo. Fedha zilitolewa ili nyumba ya Bwana itengenezwe, makuhani wakazipokea, na mwaka wa 23 wa utawala wake nyufa zilikuwa palepale. Hatusomi kwamba makuhani walinunua mashamba. Fedha zilikosa tu kufika mahali pake. Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na zilipojaa zikahesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Kisha 2 Wafalme 12:13 inaeleza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: fedha hizo hazikutumika kutengeneza vyombo vya fedha na dhahabu vya hekalu. Vyombo vya ibada! Nani angelalamika? Hata hivyo zilikuwa fedha za matengenezo, basi zikaenda kwa maseremala na waashi.

Lakini Mambo ya Nyakati inaongeza kwamba vyombo hivyo vilikuja kutengenezwa. Vilitengenezwa kwa fedha iliyobaki, baada ya kazi kumalizika, na baada ya salio kuletwa mbele ya mfalme na Yehoyada. Kwa hiyo Biblia haifundishi kwamba kusudi la sadaka haliwezi kubadilika kamwe. Inaonyesha mpangilio wake: lile lililotangazwa likamilike kwanza, kinachobaki kirudishwe mbele ya waliohusika, ndipo waamue.

Katika Matendo 5 Petro anamkumbusha Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake, na bei yake pia ilikuwa katika uwezo wake. Hakulazimishwa kutoa chochote. Alihukumiwa kwa sababu alichokisema mbele ya kanisa hakikulingana na alichokifanya. Anayesimama kuchangisha naye huahidi mbele ya watu. Angeweza kutangaza tangu mwanzo, “Tunachangia shule zilizobomoka Kagera,” na mama wa Newala huenda angetoa elfu mbili zilezile.

1 Wakorintho 16 Waadventista wengi huifahamu kwa ajili ya mjadala wa siku ya kwanza ya juma, kiasi kwamba fungu la 3 hupitwa. Hapo Paulo anawaachia Wakorintho wenyewe wachague watu wa kupeleka mchango Yerusalemu. Katika waraka wa pili anasisitiza kwamba anataka mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia. Mtume aliyeona maono alikubali kusindikizwa kama mtu anayehitaji shahidi.

Upande wa mtoaji nao una hatari yake. Kuna anayetoa bati 10 na kutaka zionekane juu ya paa, ilhali mhitaji alitaka magodoro. Kung'ang'ania jina la fedha kunaweza kuwa kiburi kilichovaa joho la uaminifu. Ndiyo maana wa kwanza kuulizwa mipango inapobadilika anapaswa kuwa yule aliyetajwa katika tangazo. Mama wa Kagera huenda angesema, “Jengeni shule, watoto wangu wanasoma chini ya mti.” Angesema yeye mwenyewe.

Katika dakika za mwisho za darasa, kundi lijadili mfano huu. Kanisa limechangisha shilingi 600,000 kumjengea paa mshiriki aliyeunguliwa na nyumba. Kabla mhazini hajanunua bati, watoto wa mshiriki huyo wanatuma bati kutoka mjini. Wiki hiyohiyo pampu ya kisima cha kijiji inaharibika. Nani aitwe kwenye kikao, na nani azungumze kwanza?