Jina la Mwenzako Linauzwa Bei Gani?

Dar es Salaam ni mji unaoelekezana kwa majina ya watu. Vibao vya mitaa vipo, namba za nyumba nazo zinabandikwa, lakini ukimuuliza mtu njia atakwambia shuka kwa Aziz Ali, au Tandale kwa Mtogole, au Mwananyamala kwa Kopa, halafu ukifika uliza hapo. Aziz Ali alikuwa mkandarasi wakati wa Waingereza, na mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Abiria wengi wanaopaza sauti "kwa Aziz Ali, shusha!" hawayajui hayo, na wala hayawasumbui. Jina limekuwa kituo. Hakuna aliyelilipia.

Yapo pia majina yaliyotoka kiwandani yakapotelea midomoni mwetu. Tunajaza mafuta sheli, hata kama kibao kikubwa kimeandikwa Puma au TotalEnergies. Tunapanda bajaji, na ukitazama ubavuni unakuta imeandikwa TVS. Shell na Bajaj hawakutuomba tufanye hivyo, na mawakili wao pengine hawafurahi, maana chapa ikishageuka jina la kitu huwa inaelekea kukosa mwenyewe. Lakini lugha haiombi ruhusa.

Nayasema haya kwa sababu kazi yangu ni majina. Nafanya matangazo ya mtandaoni. Mtu anaandika neno kwenye kisanduku cha Google, nami nalipwa kuhakikisha kwamba duka la mteja wangu ndilo analoliona kwanza. Ni kazi halali na naipenda. Lakini ndani yake kuna jambo moja lililonikaa kichwani mwaka huu mzima, na sijaliona likijadiliwa kwa Kiswahili: je, ni haki kununua jina la mwenzako?

Nieleze kwanza linavyofanyika, kwa sababu wengi hawajui hata kwamba linawezekana. Unapotafuta kitu Google, zile nafasi zenye neno dogo la kuonyesha kuwa zimelipiwa huuzwa kwa mnada. Mnada unafanyika papo hapo, kufumba na kufumbua, na mwenye tangazo kwa kawaida analipa pale mtu anapobofya. Unachagua maneno unayoyataka: "gauni la harusi", "fundi friji Mbagala". Na katika maneno hayo unaruhusiwa kuweka jina la mshindani wako. Mtu anamtafuta yeye, unatokea wewe. Google inaweza kukuzuia usiliandike jina lile ndani ya tangazo lenyewe, kama limesajiliwa na mwenyewe akalalamika. Kulitumia kwa nyuma, kama chambo, ruksa.

Sheria imeshaligusa hili. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la Louis Vuitton na wenzake, kwamba Google haivunji haki ya chapa kwa kuuza maneno ya namna hiyo. Mwaka 2011 likafuata shauri la Interflora, mtandao wa wauza maua, dhidi ya Marks & Spencer, ambao walinunua neno "interflora" ili wauze maua yao. Sehemu kubwa ya hoja ilikuwa hii: je, mtu wa kawaida anaweza kutambua bila taabu kwamba anachokiona hakitoki kwa mwenye jina? Ni swali zuri la kimahakama. Ila nadhani linapita pembeni ya jambo lenyewe.

Mteja wangu mmoja ana duka la magauni ya sendofu na harusi. Duka zuri, bei zake za haki, hana longolongo. Siku moja tukiwa tunapanga bajeti ya mwezi akaniambia, "Kaka, weka na jina la yule fundi wa Sinza." Fundi mwenyewe ni mama mmoja anayejulikana kwa mkono wake. Hana tovuti. Ana alama kwenye ramani na picha chache Instagram, na sidhani kama amewahi kufika BRELA kusajili chochote. Watu wanaandika jina lake kwenye simu ili wapate namba na njia, basi. Nikamwambia mteja wangu kwamba hilo sipendi kulifanya. Akacheka. "Mbona Kariakoo wanafanya kila siku?"

Hoja ya Kariakoo si ya kupuuzwa. Nenda Mtaa wa Congo au Aggrey siku ya Jumamosi. Umetoka nyumbani ukiwa na duka lako kichwani, hujafika nusu ya njia umeshaitwa mara ishirini. "Dada, vitenge hivi hapa!" "Bosi, viatu, saizi zote!" Halafu wapo mawinga. Winga hana duka. Anasimama njiani, anakuuliza unatafuta nini, na chochote utakachotaja kipo, "nifuate." Anakupeleka kwenye duka la mtu na kuongeza chake juu ya bei. Ukimtajia duka unalokwenda anaweza kukwambia pale leo wamefunga. Na bado soko linakwenda, watu wanapata sare za sherehe na wanarudi tena mwezi unaofuata. Kwa nini basi mimi nijifanye mtakatifu kwenye simu?

Jibu la haraka ni kwamba winga namwona. Naliona jasho lake, namsikia anavyobembeleza, najua kabisa kwamba ana chake. Nikimfuata nimeamua kumfuata, na duka ninaloliacha liko pale pale, naweza kugeuka. Kwenye simu hakuna sura. Kile kisanduku tumekizoea kama mtu anavyomzoea karani wa maktaba: unauliza, unajibiwa. Kinachotokea juu kinakuja kwa sauti ya jibu. Lile neno dogo la kuonyesha kwamba pamelipiwa lipo, sikatai, ila sisi wa kazi hii tunaliona upesi kuliko bibi harusi mtarajiwa anayetafuta fundi usiku, amesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba.

Lakini jibu hilo halitoshi. Tuseme neno lile lingeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa kama za kibao cha sheli. Je, jambo lingekuwa safi? Hapo inabidi tuulize kilicho nyuma zaidi: yule bibi harusi amelipata wapi jina la fundi?

Hakulipata Google. Alilipata kwenye kichenpati, au saluni, au kwa shangazi yake. Kuna mtu alimwambia, nenda kwa fundi fulani, Sinza, mwambie nimekutuma mimi. Kwetu maneno hayo si mapambo. Mtu akisema "mwambie nimekutuma mimi" ameuweka uso wake rehani pande zote mbili. Fundi akiharibu gauni, shangazi ataulizwa. Mteja akitokomea na deni, shangazi ataulizwa. Ndiyo maana watu wazima hawapendi kumtuma mtu kwa fundi wasiyemjua, utasikia, "mimi sitaki lawama." Kumwelekeza mwenzako ni kukubali kulaumiwa.

Sasa bibi harusi anaandika kwenye simu. Anaandika jina tu. Ile "nimetumwa na shangazi" haiingii kwenye kisanduku. Lakini imo. Jina la mtu linalotafutwa mara nyingi ni sentensi iliyoanzwa na mtu mwingine, mahali pengine, bila malipo. Ninapolinunua, nanunua mwisho wa sentensi ya shangazi. Yeye ametaja Sinza, mimi namalizia na duka la mteja wangu. Tumezoea kusema kwamba anayeumizwa hapa ni mshindani, na mahakama zikakaa kupima haki za mwenye chapa. Mshindani angalau anaweza kuja kupigana: naye ana simu, naye anaweza kununua matangazo. Shangazi ndiye aliyepokonywa kauli. Hayupo kwenye mnada, hajui kama mnada upo, na hakuna hakimu atakayemwita. Gauni likipwaya siku ya sendofu, yeye ndiye atakayeambiwa, "si uliniambia mwenyewe?"

Jambo la kuchekesha ni kwamba mashine yenyewe inalijua hili, kwa namna yake. Mnada ule hautazami fedha peke yake. Google hupima pia kama tangazo linaendana na kile mtu anachokitafuta na kama watu wana uwezekano wa kulibofya. Kwa sababu hiyo mwenye jina, akiamua kulinunua jina lake mwenyewe, kwa kawaida hulipia mbofyo mmoja kidogo kuliko mgeni. Mgeni anatozwa zaidi. Tuite ushuru wa kukaa kwenye kiti cha mtu. Lakini tazama nilichokisema hapo: mwenye jina akiamua kulinunua jina lake mwenyewe. Inatokea kila siku. Makampuni makubwa yana fungu la kudumu la kulinda majina yao kwa kuyalipia. Fundi wa Sinza hana fungu hilo. Ana cherehani mbili na binti wa kumsaidia kutia vifungo.

Larry Page na Sergey Brin, katika makala yao ya mwaka 1998 iliyoeleza jinsi Google inavyofanya kazi, waliweka nyongeza wakionya kwamba mashine ya kutafutia inayoishi kwa matangazo itawaelemea watangazaji na kuwaacha mbali watafutaji. Oktoba 2000 wakafungua duka lao la matangazo. Sisemi hivi kuwasimanga. Mitambo inakula umeme, na mimi mwenyewe nakula ugali kupitia duka hilo. Kinachonivutia ni kile walichokigundua kabla ya duka. Walihesabu kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama kura, na kura ya ukurasa uliopendekezwa na wengi ikawa nzito zaidi. Yaani walimhesabu shangazi. Utajiri wote ule ulianza kwa kuliheshimu neno la mtu anayemtuma mtu.

Niliyasema haya kwa mteja wangu, si kwa urefu huu. Akaniita mlokole wa Google. Halafu akauliza swali zito kuliko la Kariakoo. "Na anayeanza leo je? Asiye na shangazi wa kumsema?" Yeye alianza hivyo, ametoka mkoani, hajulikani na mtu. Majina makubwa yanajaza kila pembe, na mdogo akikatazwa kusimama karibu nayo ataonekana wapi?

Hapa sina ukali. Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita nia ya mtafutaji. Nia kwa watu wa pwani ni neno zito, mtu hafungi bila nia, hasali bila nia. Basi nianzie hapo. Anayeandika "bajaji Tabata" hana haja na kampuni ya India. Anataka kufika nyumbani. Mwenye TVS akitokea hapo hajamdhulumu mtu. Anayeandika jina la chapa kubwa ya viatu, inayojulikana dunia nzima, mara nyingi anatafuta viatu, na kijana wa Manzese mwenye viatu vyake vya ngozi akijipenyeza, sioni shangazi aliyeaibishwa. Kampuni lile lilijitangaza lenyewe kwa mabilioni, hakuna mtu aliyeweka uso wake rehani kwa ajili yake. Lakini anayeandika jina la fundi wa mtaani, pamoja na "Sinza" mbele yake, ana mtu mmoja akilini. Na mtu huyo alifikishwa pale kwa midomo.

Mpaka kati ya hivi viwili hauonekani vizuri, najua. Kuna hospitali binafsi, kuna shule, kuna mawakili, majina ambayo yamejengwa nusu kwa matangazo na nusu kwa watu kuambizana. Kila nikipokea kazi mpya nalazimika kuuliza upya, na wakati mwingine nakata shauri moja asubuhi na jioni nalitilia shaka.

"Kwa hiyo akija mwingine akalinunua jina la huyo mama, utamzuia?" mteja wangu aliniuliza.

"Sina uwezo huo."

"Basi atalinunua tu."

"Huenda."

Alinitazama kidogo, akafungua daftari lake. Tulikuwa tumebakiwa na shilingi elfu themanini za mwezi ule ambazo hazijapangiwa kazi. Tukaziweka zote kwenye "gauni la sendofu Dar es Salaam", maneno ambayo hayana mwenyewe.