IMANA, NYAMUHANGA, MUNGU: TUNAMWITA NANI?

Masomo: Marko 15:34-35, Matendo 17:22-31



Jumatano moja katika maombi yetu hapa Rebero, mama mmoja aliyepata habari ya msiba kutoka Butembo alipiga magoti akalia, "Nyamuhanga! Nyamuhanga!" Wengine wakashtuka, wakanong'onezana kwamba anaita mizimu. Mimi mchungaji wenu nikamwambia aombe kwa Kiswahili ili wote tuseme amina. Akanyamaza. Hakuomba tena siku ile.

Usiku nikasoma Marko 15. Bwana wetu msalabani alilia kwa lugha ya kwao: Eloi. Waliosimama pale hawakuelewa, wakasema anamwita Eliya. Nikajiona nimesimama pamoja nao.

Hapa Rwanda jambo hili lina historia. Mapadre Weupe waliofika Save mwaka 1900 waliliogopa neno Imana, kwa kuwa lilitumika pia katika uaguzi. Kwa miaka mingi wakawafundisha Wanyarwanda kusema "Mungu", neno la Kiswahili! Waprotestanti wao walichukua Imana. Na wakati huo wote wazazi walikuwa wakiwaita watoto wao Habimana, yaani Mungu yupo, na Bizimana, Mungu ndiye ajuaye. Leo Wakatoliki nao husema Imana.

Wala tusidhani neno "Mungu" lilishuka na Biblia. Ni ndugu yake Mulungu wa makabila mengi ya Kibantu, na lilikuwepo kabla Biblia haijatafsiriwa kwa Kiswahili. Wayunani waliliita sanamu la Zeu theos, na mitume wakalitumia neno hilohilo. Wakristo Waarabu humwita Baba wa Yesu Allah, hata katika Biblia zao. (Najua hapo baadhi yenu mmekunja uso.) Sisemi dini zote ni moja. Paulo kule Athene alianza na madhabahu ya mungu asiyejulikana, lakini hakuishia hapo. Aliwafikisha mpaka kwenye ufufuo. Neno walilokuwa nalo lilikuwa mlango wa kuingilia.

Yule mama nilimwendea nyumbani kwake, nikamwomba radhi. Alinikaribisha chai, tukaomba pamoja, yeye kwa lugha yake, mimi kwa yangu.

Jumatano ijayo yeye ndiye atakayetuongoza katika maombi, kwa Kinande. Tuanze saa kumi na moja jioni. Wanaokijua wakae karibu na wasiokijua, wawatafsirie polepole.

Mchungaji wenu