Kobe akizeeka, je, haki yake imekwisha?

Pikipiki ikichakaa, mwenyewe huiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na hakuna atakayemlaumu. Je, mnyama naye ni hivyo hivyo? Akishazeeka, hatoi maziwa, halindi nyumba, haliwi, na juu ya hayo ni mgonjwa, aliyemfuga ana ruhusa ya kumhesabu kuwa ni chakavu? Swali hili limezuka hapa Mpanda, katika baraza letu la baada ya swala ya Alasiri, na aliyelizusha ni kobe.

Ndugu msomaji, usicheke. Mambo makubwa ya dini mara nyingi hupimwa kwa vitu vidogo.

Kobe mwenyewe ni wa jirani yangu, mstaafu wa reli. Alimrithi kwa marehemu baba yake, ambaye alimwokota akiwa mdogo baada ya moto wa msituni kandokando ya reli ya Kaliua. Ni wa aina ile yenye gamba la manjano na madoa meusi mithili ya chui. Kwa hesabu za familia amepita miaka 50. Sasa macho yamevimba, pua inatiririka, na mdomo umerefuka na kupinda hata kukata jani ni kazi. Gamba nalo limeota vinundu, kwani kwa miaka mingi alilishwa ugali na makombo ya mkate kama kuku. Kila Jumamosi huenda kumsaidia jirani yangu kumwogesha, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Barazani zilitoka rai tatu. Wa kwanza alisema: mpeleke porini, Mungu atamruzuku. Wa pili akasema: mmalize, apumzike. Wa tatu, huyu ndiye aliyeungwa mkono na wengi, akasema: mji huu una mayatima na wajane, vipi Muislamu apoteze muda wake kwa kobe? Hebu tuzitazame rai hizi moja moja kwa uadilifu.

Tuanze na ya porini. Ni kweli kwamba riziki ya kila kiumbe iko kwa Allah (SW). Mtume (SAW) ametufundisha kwamba ndege hutoka asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba. Lakini tuangalie vizuri: ndege huyo anatoka. Kobe aliyezungushiwa ua kwa miaka 50 hakutoka. Aliyemfungia ndiye aliyeziba njia zake zote za riziki ikabaki moja tu, nayo ni mkono wa mfugaji. Kumbuka pia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kukosa huruma peke yake. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Hapo kuna milango miwili, kulisha au kuachia. Kwa mnyama mzima, mwenye kujua njia za porini, mlango wa pili upo. Kwa kobe kipofu nusu, asiyeweza kukata nyasi, mlango huo umekwishafungwa. Kumtupa msituni ni kumuua kwa njaa, kisha kumsingizia Mungu.

Tena kuna madhara kwa wengine. Kule Marekani, kobe wa jangwa la Mojave waliingizwa mwaka 1990 katika orodha ya viumbe walio hatarini, na maradhi ya njia ya hewa yalikuwa miongoni mwa sababu. Wataalamu wa huko huwaonya watu wasiwaachie jangwani kobe waliofugwa, kwa kuwa mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza wazima. Sisi tuna Hifadhi ya Katavi hapa jirani. Je, ni uungwana kupeleka pua inayotiririka kwa kobe ambao hawajawahi kuugua?

Rai ya pili ni ya kummaliza. Wengi wetu katika Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Fat-hul Mu'in kinasomeshwa katika madrasa zetu. Mwandishi wake, Zaynuddin al-Malibari, ameeleza kuwa ni haramu kuchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na akatoa mfano wa punda mkongwe aliyelemaa. Kobe wa nchi kavu, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, naye haliwi. Najua wapo wanazuoni wengine walioruhusu pale mnyama anapokuwa katika maumivu yasiyo na matumaini, na mlango huo siufungi. Lakini mwenye kuutumia ajiulize kwanza: anayetaka kupumzika hapa ni kobe au ni mimi?

Sasa rai ya tatu, iliyo nzito. Mayatima wapo, na haki yao ni kubwa kuliko ya kobe, hilo halina ubishi. Lakini tuulize: kobe anakula nini cha yatima? Chakula chake ni nyasi na majani. Maji yake ni karai moja. Dawa yake kubwa ni jua la asubuhi, ambalo halina bei. Tukiacha kumhudumia leo, hakuna yatima mmoja wa Mpanda atakayelala ameshiba kwa sababu hiyo. Aghalabu hoja hii ya mayatima hutolewa na mtu ambaye hajaenda kwa kobe wala kwa yatima.

Katika karne ya 7 ya Hijria, Sheikh Izzuddin bin Abdus-Salaam, mwanachuoni wa Kishafi aliyezaliwa Damascus na kufia Misri mwaka 660 Hijria, aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Ya mwanzo ni kwamba mwenye mnyama amgharamie kwa kadiri ya mnyama wa aina yake, hata kama amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na faida yoyote. Hapo ndipo ufunguo wa mas'ala yote ulipo. Deni hili halikutokana na faida, hata faida ikikoma nalo likome. Limetokana na kummiliki. Siku uliyomfungia ua, ulijibebesha na uzee wake.

Ndiyo maana lile tukio la ngamia wa Madina lina uzito. Mtume (SAW) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, ngamia akamlalamikia huku akitokwa na machozi. Mtume akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwani anamtia njaa na kumchosha. Ngamia yule aliweza kulia. Kobe halii. Mapafu yake yakijaa makamasi hawezi hata kukohoa vizuri. Asiyelalamika anahitaji mtu mwenye kuchungua zaidi.

Kwa wenye kobe majumbani, nayasema haya kwa faida. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 hairuhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali, kwa hiyo usimwokote kobe, na uliyerithi nenda kwa afisa wa wanyamapori ukapewe maelekezo, kama alivyofanya jirani yangu. Muda wote atakaokuwa mikononi mwako, acha ugali na mkate. Mpe nyasi na majani, na maganda ya mayai yaliyosagwa kwa ajili ya gamba. Mweke katika karai la maji ya vuguvugu yasiyozidi kidevu chake, anywe, hasa katika kiangazi chetu kirefu. Usimnyanyue kwa ghafla, maana kobe wa nchi kavu akishtuka humwaga mkojo, na huo ndio akiba yake ya maji. Mdomo na macho aviangalie daktari wa mifugo. Watoto wakimshika, wanawe mikono kwa sabuni.

Na andika wasia. Kobe huishi kuliko aliyemchukua. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na waliowapokea wote wamekwishatangulia mbele ya haki. Tunaandika nani arithi shamba na nani arithi nyumba. Nani atarithi huduma ya asiyeweza kujitetea?

Kuna jambo moja zaidi, na hili linatuhusu hasa sisi wa mikoa ya magharibi. Huku kwetu wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na wakati mwingine ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Sisemi kwamba anayemtupa kobe atamuua bibi yake. Nasema kwamba moyo una mazoea. Nyumba iliyozoea kuuliza "huyu ana faida gani tena?" huanza na mnyama, wala haijui itaishia kwa nani. Na nyumba ambayo mtoto anamwona baba yake akipiga goti kila Jumamosi, akifuta kwa kitambaa macho ya kiumbe kisichompa chochote, imempa mtoto huyo somo ambalo sisi wazazi tutalihitaji siku macho yetu yatakapovimba.

Wallahu a'lam.