Kwa Nini Hawakuviuza?



Andiko letu wiki hii ni Matendo 19:19. Waamini wa Efeso waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao, wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilihesabiwa ikafika vipande 50,000 vya fedha. Ikiwa ni drakma, kipande kimoja kilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja. Sasa piga hesabu: mtu mmoja angefanya kazi kila siku, bila kupumzika, kwa zaidi ya miaka 130!

Mtu wa biashara atauliza, si wangeviuza tu? Watoe fungu la kumi, zinazobaki zisaidie wajane. Wanunuzi Efeso hawakukosekana. Lakini kamba iliyokufunga wewe ukimuuzia jirani, unamfunga yeye. Kuna faida ambayo mtu aliyeokoka haiandiki kwenye daftari lake.

Je, kila anayeweka kitabu cha kale cha uchawi ametenda dhambi? Tusikimbilie kujibu. Huko Marekani, Andrew Dickson White, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cornell, alivitafuta vitabu kama hivyo akavikusanya. Leo maktaba ya chuo hicho ina zaidi ya 3,000. Havikununuliwa ili watu waloge. Vingi vinaonyesha jinsi washukiwa walivyosakwa, wakateswa na kuhukumiwa. Kimojawapo ni Malleus Maleficarum, kilichoandikwa Ujerumani miaka ya 1480 na Heinrich Kramer. Huyo hakuwa mganga, alikuwa mtawa, mtu wa kanisa! Alifundisha namna ya kuwanasa "wachawi", na katika miaka iliyofuata maelfu waliuawa Ulaya, wengi wao wanawake. Kitabu hicho mimi nasema kisichomwe. Kikae, tukisome, tuone aibu.

Kwa hivyo swali si kitabu kina umri gani au bei gani. Swali ni, kiko mkononi mwako kwa kazi gani? Unajifunza kutoka kwacho, au umekiwekea tumaini lako?

Tena angalia ule moto wa Efeso vizuri. Kila mmoja alileta chake. Hakuna aliyeingia kwa jirani kupekua. Mwaka 2008, huko Kisii, umati uliwachoma watu 11 kwa kuwashuku uchawi. Huo haukuwa moto wa Efeso. Toba huchoma mali yangu. Chuki humchoma mwenzangu.

Wiki hii, mpendwa, anza na nyumba yako. Pengine huna kitabu, lakini kuna hirizi chini ya godoro, au namba ya mganga uliyoitoa kwa bango la barabarani ukaiweka kwa simu, "just in case". Ifute leo. Na usimtumie rafiki kwanza.