Mwalimu Ugenini na Pesa ya Uzeeni

Mjini Busan, Korea Kusini, walimu watatu wa Kiingereza wanaweza kufundisha katika shule moja ya masomo ya ziada, zile ambazo Wakorea huziita hagwon, wakaishi katika vyumba vinavyolipiwa na mwajiri mmoja na kupokea mshahara uleule kila mwezi. Tuseme mmoja ni Mmarekani, mwingine Mwingereza, wa tatu anatoka Afrika Kusini. Kwa wanafunzi wao, wote ni walimu wa kigeni, basi. Mfuko wa taifa wa pensheni wa Korea hauwaoni hivyo hata kidogo.

Mmarekani hukatwa mchango wa pensheni, na mwajiri humwongezea kiasi kama hicho. Siku atakapoondoka Korea moja kwa moja, hurudishiwa michango yote miwili pamoja na riba. Akiwahi kuomba mapema, anaweza kupokea pesa hizo taslimu katika uwanja wa ndege wa Incheon, siku hiyohiyo ya safari. Mwingereza naye hukatwa, asilimia ileile, lakini akiondoka harudishiwi kwa mkupuo. Mwenzao wa Afrika Kusini hakatwi kabisa, na kwa hiyo mwajiri hamwongezei chochote. Yote hayo yanatokana na mikataba kati ya nchi na nchi, na kanuni ya kutendeana sawa: Korea humpa mgeni kile ambacho nchi yake humpa Mkorea. Kazi ni moja, chaki ni moja, lakini uzeeni kila mmoja atakuta kile ambacho pasipoti yake ilimruhusu.

Pesa zenyewe si kidogo. Kwa miaka mingi makato yalikuwa asilimia 4.5 kwa mfanyakazi na 4.5 kwa mwajiri. Mageuzi yaliyopitishwa mwaka 2025 yanapandisha jumla hiyo kuanzia 2026, nusu asilimia kila mwaka, mpaka ifike 13 mwaka 2033. Hata kwa viwango vya zamani, mwalimu wa won 2,400,000 kwa mwezi alikuwa akiwekewa won 216,000, ambazo kwa mwaka zinapita mshahara wa mwezi mzima. Juu ya hapo kuna kiinua mgongo: sheria ya Korea inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyetimiza mwaka wastani wa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Mwalimu aliyekaa miaka minne anaondoka na mishahara minne ambayo hakuwahi kuiona kwenye akaunti yake.

Ndiyo maana walimu wanaokwenda huko huambizana waisome slipu ya kwanza ya mshahara kwa makini kuliko mkataba wenyewe. Kama mstari wa pensheni haupo, na badala yake kuna kato moja tu la asilimia 3.3, basi mwajiri amemwandikisha kama mtu aliyejiajiri. Hiyo 3.3 ni kodi ya mtu wa namna hiyo. Mwezi wa kwanza inapendeza, kwa sababu pesa inayobaki mkononi ni nyingi. Lakini mtu aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia pensheni, hana wa kumchangia bima ya afya, na kiinua mgongo itabidi akidai kwa mabishano. Anayefika kwa saa zilizopangwa na mwenye shule, akafundisha vitabu vilivyochaguliwa na mwenye shule, kumwita aliyejiajiri ni kumnyang'anya haki yake kwa kalamu. Wapo pia walioachishwa kazi mwezi wa kumi na moja, wiki chache kabla ya mwaka kutimia, na kiinua mgongo kikaponyoka. Ni uonevu, na mwalimu kijana aliye mbali na ndugu zake ndiye anayekuwa rahisi kuonewa.

Japani ina utaratibu wake. Programu ya serikali ya JET, iliyoanza mwaka 1987, imewapeleka vijana wa nchi nyingi katika shule za miji na vijiji vya huko. Mwalimu msaidizi huingizwa katika pensheni ya waajiriwa, ambayo mchango wake ni asilimia 18.3, nusu yake na nusu ya mwajiri. Mgeni aliyechangia walau miezi 6 anaweza kuomba malipo ya mkupuo baada ya kuondoka, mradi aombe ndani ya miaka 2. Serikali huzuia kodi ya asilimia 20.42 katika malipo hayo, lakini kodi hiyo inaweza kudaiwa irudi, iwapo mwalimu alimteua mtu aliyeko Japani wa kumsimamia mambo ya kodi. Wengi hawamteui. Wanapaki mizigo, wanaaga wanafunzi, wanalia kwenye kituo cha treni, na katika pilikapilika hizo fomu moja inasahaulika.

Pana jambo la kutafakari zaidi ya fomu. Anayechukua mkupuo anafuta miaka yake. Tangu Agosti 2017 Japani imeshusha kipindi cha chini cha kustahili pensheni kutoka miaka 25 hadi 10, na ina mikataba na nchi kadhaa inayoruhusu miaka ya huku na ya kule kujumlishwa. Marekani na Korea nazo zina makubaliano ya aina hiyo tangu Aprili 2001. Mmarekani yule wa Busan, akiwa na miaka pungufu ya kumi inayotakiwa na mfumo wa kwao, huenda akahitaji miaka yake ya Korea kuliko noti za Incheon. Bahasha ya taslimu mtu akiwa na tiketi mkononi ni tamu, nayo humfika akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, wakati uzee haumwingii akilini.

Halafu kuna sarafu, ambayo haimuulizi mwalimu kama amefanya kazi kwa bidii. Mwaka 2012 mwalimu mpya wa JET alipangiwa yen 3,360,000 kwa mwaka. Mapema mwaka huo dola moja ilikuwa chini ya yen 80, kwa hiyo mshahara huo ulikuwa kama dola 42,000. Julai 2024 dola ilipita yen 160, na mshahara uleule ukawa kama dola 21,000. Mwaka 2025 malipo ya mwaka wa kwanza yalipandishwa hadi yen 4,020,000, ahueni ya kweli lakini isiyofidia anguko lote. Anayekula na kulala Japani hakuumia sana. Aliyeumia ni mwenye mkopo wa chuo kikuu wa kulipa kwa dola huko kwao, au mama wa kumtumia matumizi. Walionusurika ni wale ambao hawakuacha akiba yote katika sarafu moja wakingoja siku ya kuondoka. Walikuwa wakihamisha kidogokidogo kila mwezi, bei iwe nzuri au mbaya.

Na kutuma nyumbani ndiko kunakomgusa sana msomaji wa Afrika Mashariki, hata kama hajawahi kukanyaga Busan. Mtu akiwa nje, simu hailali. Ada ya mdogo wake, mchango wa harusi, bati la nyumba ya wazazi, msiba. Hakuna aliyelelewa vizuri anayeona uzito kumsaidia mama yake. Ila pesa iliyotumwa hupata shukrani, huombewa dua, hutajwa kwenye kikao cha ukoo; pesa iliyowekwa kwa ajili ya uzee haina wa kuishukuru. Ndiyo inayokatwa kwanza mwezi ukiwa mgumu. Mwalimu anayejali wazee wake angetakiwa kuiona akiba yake kama sehemu ya wajibu huohuo, maana asiyejiwekea leo ndiye atakayewapigia simu watoto wa ndugu zake kesho, naye atawapigia wakiwa na ada zao za kulipa.

Ghuba ni mtego wa namna nyingine. Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Oman hazijatoza kodi ya mapato kwenye mishahara, na tangazo la kazi ya ualimu lenye tarakimu nene husomeka kama heri tupu. Huko mgeni haingizwi katika pensheni ya wenyeji. Badala yake hupewa kiinua mgongo mwisho wa kazi, na hapo ndipo neno moja la mkataba lina thamani ya miaka: mshahara wa msingi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mfanyakazi mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Posho ya nyumba haihesabiwi, wala ya usafiri.

Chukua walimu wawili wa Dubai, kila mmoja analipwa dirham 12,000. Wa kwanza ameandikiwa zote kuwa mshahara wa msingi. Wa pili ameandikiwa 6,000 za msingi na 6,000 za posho. Kwa miaka mitano wamekula sawa, wamepanga sawa, wametuma nyumbani sawa. Siku ya kuondoka wa kwanza anapokea dirham 42,000, wa pili 21,000. Aliyeugawa mshahara ule alifanya hivyo kwa dakika moja, mwalimu akiwa bado anatafuta viza na hana ujasiri wa kuuliza. Aulize. Kabla ya saini bado ana nafasi ya kukataa, baada ya saini hana.

Oman, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na pwani, imesogea mbele kidogo. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 2023 imefanya kiinua mgongo cha mgeni kuwa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Zamani miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya nusu mwezi tu. Ni hatua nzuri, lakini kiinua mgongo kinabaki kuwa malipo ya mara moja. Mtu hawezi kukitegemea kila mwezi mpaka afe, isipokuwa akiwekeze mwenyewe.

Mahali pa kuwekeza papo, tena nyumbani. Mfuko wa NSSF wa Kenya hupokea michango ya hiari. Tanzania ina vipande vya taasisi ya uwekezaji ya UTT AMIS, ambayo Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005, na NSSF yake nayo huwapokea wanaojichangia. Wapo wanaopenda kununua kiwanja kwanza, na kiwanja si kibaya. Lakini kiwanja kinachosimamiwa na binamu, mwenyewe yuko Sharjah, kimewahi kuzaa kesi nyingi kuliko nyumba.

Liko suala lililo karibu zaidi nasi. Oktoba 2008 serikali ya Rwanda iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia. Maelfu ya walimu waliosomea Kifaransa walijikuta wakihitaji msaada darasani, na Wakenya na Waganda wakavuka mpaka kwenda kufundisha na kuwafunda wenzao. Hao nao ni walimu wa Kiingereza ughaibuni, ingawa walifika kwa basi. Wanachangia katika mfuko wa RSSB wa Rwanda, ambao Januari 2025 ulipandisha mchango wa pensheni kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa nusu na mwajiri.

Pensheni ya kila mwezi Rwanda hutaka miaka 15 ya kuchangia. Tanzania hutaka miezi 180, ambayo ni miaka 15 hiyohiyo. Sasa mfikirie mwalimu aliyefundisha Dodoma miaka 8, kisha Kigali miaka 9. Amefanya kazi miaka 17 katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, lakini akifika dirisha la Dodoma amepungukiwa, na akifika dirisha la Kigali amepungukiwa. Kila mahali atapewa malipo ya mkupuo, kama mtu aliyejaribu kazi akaiacha.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu mwalimu huyo kufanya kazi nchi mwanachama nyingine na kupata hifadhi ya jamii sawa na wafanyakazi wa huko. Kifungu cha 10 kinalitaka Baraza la Mawaziri la Jumuiya litoe miongozo kuhusu mafao hayo. Korea na Marekani, nchi zinazotenganishwa na bahari nzima, zimeweza kuhesabiana miaka ya wafanyakazi wao kwa zaidi ya miongo miwili. Dodoma na Kigali zinaunganishwa na barabara ya lami. Bunge la Afrika Mashariki linakaa Arusha, na vyama vya walimu vya nchi wanachama vinajua njia ya kufika huko. Waende wakadai miaka ya mwalimu ihesabiwe yote, popote alipofundisha ndani ya Jumuiya.